Aliyedai Mshahara Berlin

Ndugu msikilizaji, wapo wenzetu wa Geita na wa hapa Shinyanga walioniandikia wakitaka kujua kama ni kweli Wajerumani waliwahi kuwalipa, pale Mwanza, wazee waliowapigania katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni kweli. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za malimbikizo ya mishahara ya askari wale, na ofisi ya muda ya kulipia ikafunguliwa Mwanza. Wazee kama 350 walijitokeza, lakini wenye vyeti walikuwa wachache mno. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki akawa anampa kila mzee ufagio aushike kama bunduki, kisha anatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Mimi kila nikisikia humkumbuka mtu aliyedai fedha kama hizo miaka 35 kabla yao, tena nyumbani kwa wenyewe, akanyimwa.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la Mjerumani. Vita vilipoanza mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka kumi tu, naye akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa Mahiwa, upande wa Lindi, akatekwa na Waingereza. Baada ya vita akawa mtumishi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa.

Amechelewa! Kumbe kupigana, mtoto wa miaka kumi hakuambiwa kwamba amewahi mno.

Alibaki huko huko, akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alihudumu mkahawani, na kwa takriban miaka kumi akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin kwa ujira mdogo. Profesa aliyekuwa juu yake, Diedrich Westermann, ni jina kubwa hadi leo kwa wasomi wa lugha za Kiafrika. Msaidizi ndiye aliyekuwa na lugha yenyewe mdomoni. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa polisi na maofisa waliotumaini kwamba koloni litarudi mikononi mwao. Nami ninayekula kwa Kiswahili (ugali wenyewe si mwingi), jambo hili hunipa taabu: aliwafundisha watu namna ya kutuamrisha. Lakini alikuwa na nyumba ya kulisha. Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika serikali, alikuwa amemwoa Maria Schwandner, wakawa na watoto.

Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji wa vita ile, akakataliwa. Akajinunulia mwenyewe, akaivaa. Wako wanaoliona hilo kuwa kujipendekeza. Mimi naiona nishani ile kama stakabadhi ya deni, na hakupata nyingine.

Aliigiza pia katika filamu. Ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Wakati huo Husen alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani asiye mkewe, jambo ambalo kwa utawala ule wa ubaguzi lilikuwa kosa la rangi yake. Gestapo walimkamata Agosti 1941, wakamtia katika kambi ya Sachsenhausen bila kumfikisha mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40. Mwaka 2007 kibamba kidogo cha shaba chenye jina lake kiliwekwa mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi.

Miaka 20 baada ya kifo chake ndipo dirisha la Mwanza likafunguliwa, nalo lilikuwa la askari. Usukuma na Unyamwezi zilitoa askari wengi, na wapagazi wengi zaidi waliobeba mizigo ya vita ile. Hao hawakuwa na dirisha. Msikilizaji ambaye babu yake aliushika ule ufagio, au alibeba mzigo akarudi mikono mitupu, aniandikie kwa anwani ile ile. Barua hizo nitazisoma katika vipindi vijavyo.