Gari la Wizi na Rufaa ya Aliyelipokea
Tangu serikali ya kikoloni ilipoitungia Tanganyika Kanuni ya Adhabu, mwaka 1930, sheria haikumhesabu mwizi peke yake kuwa mkosaji, bali ilimtia hatiani pia yule aliyeipokea mali ilhali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Basi gari likiibwa Dar es Salaam, likapitishwa barabara ya Morogoro hata Kibaha, au likapandishwa vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, likakutwa kwa mnunuzi, naye akahukumiwa na mahakama ya wilaya, hukata rufaa Mahakama Kuu. Na, tangu 1979, ipo pia Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyorithi kazi ya ile ya Afrika Mashariki iliyokoma 1977. Huko majaji hawatosheki na kule kukutwa tu: hutaka ithibitike, kwa namba ya chasisi na ya injini, kuwa gari ndilo la mlalamikaji, na kuwa liliibwa karibuni. Nami naiona ni insafu kubwa, kwani mtu aliyelipa fedha zake mchana, mbele ya mashahidi, akakabidhiwa kadi ya gari, hastahili kufungwa kwa dhana, na mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri tangu mwanzo hata mwisho.