Mpishi, mama lishe na shefu: jinsia katika lugha ya jikoni, pwani ya Mrima

Neno "mpishi" halisemi kama anayepika ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Kiambishi kimoja huwabeba wote. Hata hivyo, pwani ya Mrima, kutoka Mapinga na Kerege kupita Zinga hadi Bagamoyo, mtu akiandikiwa maneno ya kipindi cha mapishi cha televisheni bila jina wala picha ya mtangazaji, mara nyingi atamtambua kuwa ni wa kike au wa kiume. Jinsia imekaa katika majina ya kiukoo, katika kauli za vitenzi na katika vipimo, nayo ilikaa humo muda mrefu kabla ya televisheni.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara ya bara. Wapagazi walijigawa katika makundi yaliyokula pamoja, na waliopika njiani walikuwa wanaume na wanawake pia. Mmoja wa wapishi wa msafara wa Henry Morton Stanley, uliotoka Bagamoyo mwaka 1871, aliitwa Ferajji. Huko Ujiji Stanley alimkuta Halima, aliyempikia David Livingstone. Akiandika kwa Kiingereza, Stanley aliona lazima aeleze kwamba mpishi huyo ni mwanamke. Kwa Kiswahili Ferajji na Halima ni wapishi tu. 

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza kwa kirefu harusi, unyago na malezi ya pwani hii. Mwali alifundwa na kungwi au somo wake, na mafunzo ya ndoa na ya jikoni yalikwenda pamoja. Hapo ndipo sarufi ilipofanya kazi ambayo kiwakilishi hakiwezi kuifanya. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Jikoni kauli hugeuka: mwanamke hupika na kupakua, mume hupikiwa na kupakuliwa. Kauli ya kutendea, "mpikie", humweka mlaji ndani ya kitenzi hata asipotajwa, na katika mafundisho ya unyago mlaji huyo ni mume. Kwa hiyo "pika wali" na "mpikie wali" ni maagizo mawili tofauti. La kwanza linahusu chakula. La pili linahusu ndoa.

Vipimo navyo vilikuwa vya mwili. Ukufi ni kinachokaa katika kiganja kilichokunjuliwa, konzi ni cha mkono uliofumbwa, chopa ni cha viganja viwili. Mchele ulipimwa kwa kibaba, na vibaba 4 vikafanya pishi. Nazi ilikunwa juu ya mbuzi, kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno: mkunaji hukalia mbao, hushika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno hayo mpaka weupe uishe, akikoma kabla hajafikia gamba la ndani, maana likiingia tui hupoteza weupe wake. Nazi iliyokunwa hukamuliwa kwa kifumbu. Kasimile, tui zito la kwanza, huwekwa kando. Mchuzi huiva kwa tui jepesi, na kasimile huingia mwisho huku chungu kikikorogwa polepole ili tui lisikatike. Aliyejifunza hivyo husema "kiasi", "mpaka likubali", "utaona mwenyewe". Ni lugha ya anayeelekeza mtu aliyeketi naye penye mafiga. Kuiita lugha isiyo na kipimo ni kutoielewa. Kipimo chake ni jicho na kiganja.

Wanaume wa pwani walikuwa na upishi wao, wa shughuli. Pilau na biriani za harusi na maulidi hupikwa nje, kwa kuni na masufuria makubwa, na mara nyingi kazi hiyo hushikwa na wanaume, wakati wanawake wanachagua mchele na kumenya vitunguu. Hapa "kiasi" hakisikiki. Husikika kilo ngapi, sufuria ngapi, watu wangapi.

Enzi ya ukoloni ililisogeza neno "mpishi" upande wa wanaume. Katika nyumba za Wazungu na za Wahindi matajiri wa Dar es Salaam, watumishi wengi walikuwa wanaume, na katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani walikuwa na chama chao. Mpishi akawa mtu mwenye mshahara. Mwanamke aliyepika kila siku nyumbani kwake hakuitwa mpishi, aliitwa mama.

Jina hilo la mama ndilo lililotoka naye barabarani. "Mama ntilie" ni ombi la mteja lililogeuka kuwa jina la kazi: mama, nitilie chakula sahanini. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwasumbua wengi waliojitafutia riziki mjini bila leseni, mama ntilie wakiwamo. Baadaye "mama lishe" likaonekana jina la heshima zaidi, na wanaume walipoingia katika biashara hiyo hawakuitwa wapishi bali "baba lishe". Lugha iliona afadhali kuunda neno jipya kuliko kuwaacha bila jinsia.

Televisheni ilianza Zanzibar mapema miaka ya 1970, lakini Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipofungua njia. Mtangazaji wa kike wa mapishi alirithi nafasi ya somo. Hujiita dada au anti, husema "tunatia", "tunaacha kidogo", na husikika akimwambia mtazamaji amwandalie mumewe au wanawe. Wa kiume mara nyingi huingia kwa cheo cha shefu, pamoja na gramu, dakika na nyuzi za oveni. Nyama ambayo dada ameiloweka kwa viungo, yeye ameimarineti. Cheo chenyewe hakina jinsia: nchini Kenya Ali Mandhry na Susan Kamau wote wamejulikana kwa cheo hicho. Kinachotambulisha shefu ni chuo na hoteli. Mwanamke anayekichukua huacha "mpikie mumeo" na kuhamia kwenye "pika".

Mwezi wa Ramadhani kauli nyingine hujitokeza. Kufuturisha ni kauli ya kutendesha: anayetajwa ni mwenye mwaliko, si aliyekaa jikoni. Husemwa fulani amefuturisha, na mara nyingi fulani huyo ni baba mwenye nyumba, ingawa tambi, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga vimepikwa na mkewe na majirani tangu alasiri. Katika vipindi vya futari, dada jikoni huelekeza namna ya kuandaa. "Kuwafuturisha" hubaki kwa anayewakaribisha wageni mkekani.