Nani akalie kiti cha Zwangendaba?

Ukitoka Songea mjini kwenda Mbinga, safari ya kilometa 100 hivi, unaanza katika nchi pana yenye vilima vya hapa na pale, kisha barabara inakuingiza katika milima ya Umatengo. Huko utaona jambo ambalo halikosi kumshangaza mgeni. Miteremko mikali, ambayo mahali pengine ingeachiwa mbuzi, imelimwa kutoka bondeni hadi karibu na kilele, na shamba zima limechimbwa vishimo vishimo mithili ya sega la nyuki. Wenyewe wanaviita ngolo. Nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunikwa juu ya zile nyasi. Mvua ikinyesha, maji hubaki shimoni badala ya kuteremka mbio na udongo wote.

Wataalamu wa kilimo wameusifu sana ufundi huo, na wana haki. Lakini mimi leo nauliza swali jingine. Kwa nini watu wajibane milimani namna ile, ilhali nchi ya chini ilikuwa pana na ina rutuba? Sehemu kubwa ya jibu, ajabu iliyoje, inaanzia mbali sana na Mbinga. Inaanzia Ufipa, katika mazishi ya mfalme.

Mfalme huyo ni Zwangendaba wa ukoo wa Jere. Alikimbia vita vya Wazulu huko kusini mwa Afrika, akavuka mto Zambezi mwaka 1835, siku ambayo jua lilipatwa, akapanda kaskazini kwa upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa mpaka Ufipa. Njiani aliteka watu wa kila kabila akawafanya Wangoni. Alipofariki, katikati ya miaka ya 1840, aliacha jeshi kubwa, ng'ombe, wake wengi, na wana ambao walikuwa bado wadogo. Hakuacha jambo moja tu: jibu lisilo na ubishi la nani akalie kiti.

Kwa desturi yao mrithi hakuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa, bali mtoto wa nyumba kuu. Na nyumba kuu ni ipi? Inasimuliwa kwamba Zwangendaba aliletewa pombe kutoka nyumba moja ya wakeze, akakuta unywele ndani yake. Akadhani karogwa, akaiangamiza nyumba ile na kuuhamishia ukubwa kwenye nyumba nyingine. Kama kisa hicho ni cha kweli au kilitungwa baadaye na wenye kudai haki yao, mimi siwezi kukiapia. Ninachokiona ni kwamba baada ya kifo chake palikuwa na nyumba mbili, kila moja ina wana na kila moja ina hoja. Juu yao akasimama Ntabeni, ndugu wa marehemu, kushika nchi mpaka watoto wakue.

Hapo ndipo penye mtego. Mtoto hawezi kuongoza vita. Baba mdogo anaweza, na akishika mkuki miaka kadhaa anao watu wake, manduna wake na mazoea yake. Ntabeni hakukaa muda mrefu, alikufa, na ufalme ukapasuka. Mpezeni akaenda na watu wake hadi nchi ya Chipata, Zambia ya leo. M'mbelwa akaishia Mzimba, Malawi. Kundi jingine, Watuta, likashika njia ya kaskazini hadi nchi za Unyamwezi na kuukaribia ukanda wa ziwa Viktoria. Na kundi moja likageuka mashariki, likalizunguka Ziwa Nyasa na kuingia nchi ya Songea, likiongozwa na Zulu Gama na Mbonani. Hao viongozi wawili hawakuwa wana wa Zwangendaba hata kidogo. Shuleni tulifundishwa habari za "Wangoni" kana kwamba walikuja kama basi moja lenye dereva mmoja. Walikuja kama vipande vya chungu kilichovunjika.

Asije mtu akadhani hayo ni mambo ya Waafrika wasiokuwa na maandishi. Kule Hispania, karne ya 13, alitawala Alfonso wa Kumi wa Castilla, aliyepewa jina la Mwenye Hekima, mtu aliyesimamia uandishi wa kitabu kikubwa cha sheria. Mwaka 1275 mwanawe mkubwa Fernando alifariki akiacha watoto wadogo. Sheria mpya ya mfalme ilisema mjukuu achukue nafasi ya baba yake. Desturi ya zamani ilimpendelea mtoto wa pili wa mfalme, Sancho, ambaye alikuwa mtu mzima na mpiganaji. Sancho alimwasi hata baba yake mzazi mwaka 1282, na mwaka 1284 akavaa taji. Yule mjukuu alidai haki yake miaka 20, hadi 1304 alipokubali kuiacha. Kitabu kilikuwapo kabatini, lakini baba mdogo alikuwapo uwanjani na askari.

Turudi Songea. Zulu Gama na Mbonani walipofika walikuta wametanguliwa na Wangoni wengine, Wamaseko, waliokuja kwa njia yao wenyewe chini ya mfalme Mputa Maseko. Wageni wakakubali kuwa chini yake. Ukubwa wa namna hiyo haudumu. Mbonani akauawa na Wamaseko, uhasama ukawaka, na katika miaka ya 1860 Wamaseko wakashindwa na kufukuzwa kuvuka Ruvuma. Mputa hakurudi tena kusini alikotoka. Aliyewaongoza watu wake katika safari ile ngumu ni ndugu yake, Chidiaonga, hadi wakatua katika milima ya kusini-magharibi mwa ziwa, kwenye mpaka wa leo wa Malawi na Msumbiji.

Chidiaonga huyu namheshimu. Alikuwa na kila sababu ya kujitwalia ufalme, maana ni yeye aliyewaokoa watu. Lakini alikishika kiti kwa niaba ya Chikusi, mtoto wa ndugu yake, na mwisho kiti kikaenda kwa Chikusi. Kwa maneno mengine, alifanya kile ambacho Sancho wa Castilla alikataa kufanya. Je, pakawa na amani? Hapakuwa. Chidiaonga naye alikuwa na mwana, Cifisi, aliyeona kwamba baba yake alitawala, basi na yeye ni mtoto wa mtawala. Chikusi alipokufa mwaka 1891, ugomvi ukarithiwa na mwanawe Gomani. Ndugu hao walichomeana vijiji mpaka Waingereza wakaingia katikati, na mwaka 1896 wakamuua Gomani kwa risasi. Uzao wa Gomani una kiti chake Ncheu, na uzao wa Cifisi una kiti cha Kachindamoto karibu na ziwa. Baba mdogo mwaminifu aliweza kurudisha kiti, lakini hakuweza kufuta ukweli kwamba aliwahi kukikalia.

Waliobaki Songea walitafuta dawa nyingine. Badala ya kugombea kiti kimoja, wakawa na viti viwili: Njelu upande wa kusini chini ya ukoo wa Gama, na Mshope upande wa kaskazini chini ya uzao wa Mbonani. Kwa namna fulani dawa hiyo ilifanya kazi, kwani wana wa wafalme hawakumalizana wenyewe kwa wenyewe kama walivyofanya Wamaseko. Hata hivyo ilikuwa na gharama, na gharama hiyo hawakuilipa wao.

Mwana wa mfalme asiyekuwa na hakika ya kiti anahitaji watu. Nduna anayetaka kuheshimiwa anahitaji watu vilevile. Wakati ule watu walipatikana kwa kutekwa. Mateka aliingizwa katika kaya ya aliyemteka, akaitwa sutu, akapigana vita ya mwaka unaofuata, na yeye akateka wengine. Kadiri wakubwa walivyozidi kuwa wengi, ndivyo misafara ya vita ilivyozidi kuondoka kila kiangazi. Mwaka 1882 waliivamia hata Masasi, mbali kule kusini-mashariki, wakachukua watu wa misheni. Wamisheni wa Kiingereza walipotafuta makao ziwani, mwaka 1885 walichagua kisiwa cha Likoma, kwa sababu Wangoni hawakuwa watu wa mitumbwi.

Wanyasa wa mwambao wetu walikwisha kulijua hilo bila kufundishwa na mmisheni. Vita ikisikika, walikimbilia visiwani na kwenye miamba, na wasafiri wa miaka ya 1870 waliona ziwani nyumba zilizojengwa juu ya nguzo majini. Wamatengo hawakuwa na ziwa la kukimbilia. Wao walikimbilia juu, kwenye mapango na kwenye majabali ya Litembo. Koo ambazo zamani zilikaa mbalimbali, kila moja na mkubwa wake, zikasongamana katika eneo dogo lenye miteremko mikali. Ardhi ikawa haba, basi kila kipande kikalimwa kwa ngolo. Na katika kujihami huko wakajikuta wanahitaji mkubwa wa wote, na hivyo ukoo wa Makita wa Litembo ukakua. Yaani ugomvi wa wafalme wa jirani ulizaa utawala mahali ambapo haukuwapo.

Nisieleweke vibaya. Mngoni wa leo ni mtani wa watu, na ukichunguza koo zake utakuta wengi wao babu zao walikuwa Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa au Wanyasa waliotekwa. Hakuna wa kumdai mwenzake fidia.

Wajerumani walipojenga boma mwaka 1897 walilipa jina la Songea Mbano, ambaye hakuwa mfalme bali nduna wa Njelu. Hilo peke yake linaonyesha nguvu ilikuwa imekwenda wapi wakati wakubwa wakipimana nani ni nani. Vita vya Majimaji vikamaliza shauri. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa wa ukoo wa Gama alinyongwa pamoja na wakuu wengi, na Songea Mbano akanyongwa siku chache baadaye. Chabruma wa Mshope alivuka kwenda kwa Wareno, akafia huko. Waingereza wakavirudisha viti vile viwili katika utawala wao wa kutumia machifu, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikaufuta uchifu nchi nzima.

Hatari ilipokwisha Wamatengo walianza kushuka. Kutoka Litembo walisambaa kidogo kidogo, wakafuata mabonde, wakafungua mashamba mapya na baadaye wakapanda kahawa. Wengine waliteremka mpaka karibu na mwambao, ambao tangu 2012 ni Wilaya ya Nyasa. Huko chini ardhi si haba kama ilivyokuwa kwenye majabali, na hakuna mtu anayewinda mtu. Lakini mwezi Machi, mvua zikikaribia kwisha, utawakuta wanaume wamefyeka na kupanga nyasi, na wanawake nyuma yao na majembe, wanachimba mashimo yaleyale.