Morogoro na Rufiji: Utafiti Uliohamisha Fedha za Afya

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Watanzania wengi wa vijijini walizaliwa na kufa bila tukio hilo kuandikwa popote, na kwa kuwa takwimu za hospitali zilimhusu yule tu aliyefika hospitali, ilikuwa vigumu kwa mganga mkuu wa wilaya kusema kwa uhakika ni maradhi gani yaliyokuwa yakiwamaliza watoto wa eneo lake. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini zingeweza kuwapatia wananchi huduma za msingi za afya kwa takriban dola 12 kwa mtu kwa mwaka, mradi fedha zigawanywe kwa kufuata mzigo wa maradhi, yaani jumla ya miaka ya uhai na ya afya njema ambayo jamii huipoteza kwa kila ugonjwa. Hoja hiyo ilibaki kuwa hesabu ya mezani hadi Wizara ya Afya ya Tanzania na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada walipokubaliana kuijaribu katika wilaya mbili zenye wakazi zaidi ya 700,000, Morogoro Vijijini na Rufiji, kupitia mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Morogoro tayari ilikuwa na takwimu zilizokusanywa tangu mwaka 1992 na mradi mwingine wa wizara hiyo na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, na Rufiji ilianzishiwa eneo la ufuatiliaji mwaka 1998, lenye watu wapatao 85,000, ambako wahojaji walipita kaya kwa kaya mara tatu kwa mwaka wakiuliza nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Palipotokea msiba, mhojaji aliyefunzwa alirudi baadaye kuzungumza na aliyemuuguza marehemu: homa ilianza lini, je, mtoto alipata degedege, alipelekwa wapi kwanza, alipewa dawa gani. Majibu hayo yalisomwa na madaktari, nao wakakadiria chanzo cha kifo. Hesabu zote zilizofuata zilitegemea mazungumzo hayo na watu waliokuwa bado na majonzi, na mchango wao unastahili kutajwa sambamba na ule wa wataalamu.

Takwimu hizo zilipowekwa kando ya bajeti, pengo lilijitokeza wazi. Huko Morogoro malaria peke yake ilichangia takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya fedha. Timu za afya za wilaya hazikuwa zimezembea, bali zilipanga matumizi kwa mazoea na kwa matakwa ya wafadhili, kwa sababu hazikuwa na kitu kingine cha kufuata. Mradi uliwapa michoro rahisi iliyoonyesha kwa mkupuo mmoja maradhi yanayoua na mahali fedha zinakokwenda, ukawaongezea kiasi kidogo cha fedha ambacho kwa vitendo hakikufika dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka, na, jambo lililokuwa zito kuliko yote, ukawaachia wao wenyewe uamuzi. Fedha zikaelekezwa kwenye vyandarua na katika kuwafunza wahudumu wa zahanati kumpima mtoto mgonjwa kwa maradhi yote yanayomwandama badala ya moja tu, huku wanavijiji wakishiriki kukarabati zahanati zao.

Katika kipindi cha takriban miaka mitano, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Si haki kuuhesabia mradi mmoja mafanikio hayo yote, kwa kuwa mageuzi ya sekta ya afya yalikuwa yakiendelea nchini kote.

Mahojiano ya Rufiji yalibomoa pia dhana iliyowalaumu wafiwa. Ilidhaniwa kwamba watoto wa vijijini hufa kwa malaria kwa sababu wazazi hukimbilia kwa waganga wa jadi, lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa karibu wanane kati ya kila kumi waliofariki kwa ugonjwa huo walikuwa wametafutiwa kwanza tiba ya kisasa. Kumbe kasoro ilikuwa pia katika huduma yenyewe, na lawama iliyokuwa imetwikwa wazazi kwa muda mrefu haikuwa na msingi.

Matokeo yanayogusa usawa moja kwa moja yalitoka katika utafiti wa jirani, uliowakutanisha watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, Tanzania, na wenzao wa Uingereza na Brazili, na kuchapishwa mwaka 2003. Watafiti hao walizilinganisha kaya za wilaya za Morogoro Vijijini, Rufiji, Kilombero na Ulanga kwa kuangalia mali zilizomo ndani na namna nyumba ilivyojengwa, wakabaini kwamba hata mahali ambapo mgeni angeona wote ni maskini sawasawa, mtoto wa kaya yenye nafuu kidogo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufikishwa kituoni anapougua na wa kupata dawa ya malaria, au antibiotiki anapopata nimonia. Wastani wa wilaya, ambao ndio uliokuwa umezisaidia timu za afya kuhamisha fedha, haukuweza kuonyesha tofauti hiyo, na tangu hapo swali la watafiti likawa si tu watoto wangapi wanapona, bali pia ni wa kaya zipi.