Kifua cha Mama Kimetoka Mbali



Leo tunamzungumzia mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Majirani zetu Watanzania humwita njiti. Mama amelazwa naye St Paul's, pale Kashikishi. Baba amebaki Mantapala na watoto wakubwa. Kambini watu wanaulizana: kwa nini wamemfunga mtoto kifuani kwa kitenge, hawakumweka katika mashine ya joto? Ni kwa sababu sisi ni wakimbizi?

Hapana. Sikiliza historia.

Mashine hizo zilianza kutumika Paris miaka ya 1880, kwa kazi ya daktari Stéphane Tarnier. Ziliokoa wengi, maana mtoto mdogo hana mafuta mwilini na hupoa upesi. Lakini baadaye hospitali nyingi ziliwafungia wazazi mlango kwa kuogopa maambukizi. Mama akawa anamtazama mwanawe kupitia kioo, kama mgeni.

Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, hospitali ya wazazi ilijaa. Watoto wawili au watatu walilala katika mashine moja na kuambukizana. Mama wengine, baada ya kutengwa siku nyingi, waliwaacha watoto wao hospitalini. Daktari Edgar Rey Sanabria akaamua kumrudisha mtoto kwa mama: ngozi kwa ngozi, kifuani, mchana na usiku. Njia hiyo ikapewa jina la kangaruu, mnyama anayebeba mtoto mfukoni.

Kisha ikafika karibu nasi. Katika hospitali ya misheni ya Manama, Zimbabwe, madaktari waliitumia bila mashine yoyote. Watoto waliozaliwa chini ya gramu 1500 walikuwa wakipona 10 tu kati ya 100. Wakaanza kupona 50. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1994.

Hata hivyo wataalamu wengi walisema: kwanza mtoto apate nafuu, ndipo apewe mama. Shirika la Afya Duniani likapima jambo hilo katika hospitali za Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India. Kati ya watoto 100 waliosubiri nafuu, karibu 16 walikufa kabla ya siku 28. Kati ya 100 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12. Tofauti ilionekana wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa mapema, ili wote wapate faida. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na mwaka 2022 shirika hilo likazishauri nchi zote, tajiri na maskini, kuanza mara moja.

Kwa hiyo, mama, kitenge hicho si dawa ya wasio na kitu. Ni tiba. Mtoto avae kofia, soksi na nepi tu, akae wima katikati ya maziwa yako, uso umegeuzwa upande ili apumue vizuri. Kama hawezi kunyonya, muuguzi atakuonyesha kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe au mpira. Mtoto aliyezidiwa sana huenda akahitaji oksijeni au mashine kwanza. Muulize muuguzi, ni haki yako. Ukiona anapumua kwa shida, amepoa, amekataa maziwa au anatetemeka, ita mtu hapo hapo.

Baba, kifua chako pia kina joto. Mama akiwa mgonjwa au amechoka, wewe, bibi au shangazi mnaweza kumbeba.

Na wewe jirani: katika utafiti ule watoto walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Mama huyo atapika saa ngapi? Atateka maji saa ngapi? Wapikie watoto aliowaacha. Mpelekee ubwali na samaki wa Mweru. Usiseme mtoto huyo hataishi.

Mtoto mmoja, vifua vingi. Hadi kipindi kijacho, mbaki salama.