Bi Hawa, Bi Holaria na hili neno "jasho"

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya asaimenti, ila asaimenti yenyewe ndiyo imenipa cha kuwaandikia. Kwenye semina ya juzi mada ilikuwa haki za wanawake na mabadiliko ya jamii. Jamaa mmoja (simtaji, mtamjua tu) akasema mke anayeshinda nyumbani "hana jasho lake" kwenye nyumba aliyoijenga mumewe. Wengine wakagonga meza kumuunga mkono. Mimi sikubishana, nikapanda maktaba, maana nilijua hilo neno jasho lilishafika Mahakama ya Rufani kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Nianzie mbali kidogo. Kitivo cha sheria kilianza mwaka 1961 pale Mtaa wa Lumumba mjini, kabla hakuna Mlimani hii, kikiwa na wanafunzi 14. Kati ya wasichana wa mwanzo kabisa kupita hapo alikuwemo Julie Manning, ambaye baadaye akawa jaji, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Mwanamke akiwa darasani miaka hiyo alikuwa kama mgeni, na watu walilichukulia ni jambo la kawaida. Wasichana hawapendi shule, basi. Ndiyo maana naipenda kazi aliyoitoa Marjorie Mbilinyi mwaka 1969 kuhusu elimu ya wasichana Tanzania. Huyu mama ni mzaliwa wa Marekani aliyekuja kuwa Mtanzania na akafundisha hapa hapa miaka mingi. Alichofanya ni kwenda kuwauliza wasichana wenyewe, halafu akawauliza na baba zao. Yaani badala ya kuuliza mtoto wa kike ana kasoro gani, akauliza nyumbani uamuzi unafanywa na nani, na kwa hesabu gani. Ukishauliza hivyo huwezi tena kuliongelea suala la shule bila kugusa mahari, kazi za shambani, na nani anachota maji. Elimu inakuwa habari ya mali.

Na mali ndiyo inatupeleka kwenye sheria. Kabla ya mwaka 1971 ndoa zilikuwa na sheria mbalimbali: Wakristo yao, Waislamu yao, kila kabila na mila yake. Serikali ikatoa Waraka mwaka 1969 watu waujadili, na mwaka 1971 ikapita Sheria ya Ndoa, moja kwa wote. Kwa wakati ule ilikuwa kali kweli kweli. Ilisema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Ilisema mahakama ikivunja ndoa inaweza kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja, na katika kugawa iangalie kila mmoja alichangia nini, kwa fedha, mali au KAZI. Hapo kwenye "kazi" ndipo kizaazaa kilipoanzia. (Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 na mvulana 18. Nitarudi hapo.)

Kazi gani sasa? Kupika? Kufua? Kulea? Majaji wa Mahakama Kuu wakagawanyika. Wengine wakasema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, analipwa kwa kulishwa na kuvishwa. Wengine wakasema hapana, bila yule mama kushika nyumba huyu baba angejenga saa ngapi? Ubishi ukaenda hivyo miaka, mpaka kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ikafika Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani, hakuwa na mshahara. Ndoa ilipovunjika akaomba sehemu ya nyumba. Mahakama za chini zikamkatalia. Jopo la rufani lilikuwa na majaji watatu, wote wanaume, na Jaji Mkuu Francis Nyalali ndiye aliyeandika hukumu. Wakasema kazi za nyumbani ni mchango, na sheria ililetwa kuondoa ule uonevu wa zamani, kwa hiyo isisomwe kwa namna ya kuurudisha.

Sasa hapa wanaotumia desa huwa wanaishia. Desa linasema "Bi Hawa: kazi za nyumbani ni mchango", full stop, mnaenda kwenye mtihani. Lakini isome hukumu mpaka mwisho. Bi Hawa hakupata kitu! Mahakama ilisema mumewe alishampa fedha za mradi wa familia na yeye akazitapanya, hivyo mchango wake ukafutika. Jina lake limeshawasaidia wanawake wengine mahakamani tangu wakati huo, na yeye mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Mimi hili linaniuma kila nikilisoma. Halafu jiulizeni: mume akitapanya hela zake baa, kuna anayefuta mchango wake kwenye nyumba?

Bi Holaria Pastory wa Kagera ndiye kipenzi changu. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia halali. Alipozeeka na hana wa kumtunza, Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, na akashinda. Kwa nini? Kwa sababu mila za Kihaya ziliandikwa na serikali kwenye tangazo la mwaka 1963, na humo mwanamke alikuwa na ruhusa ya kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini si kuliuza. Mwanamume aliruhusiwa. Mahakama ya Wilaya ikampa Bi Holaria haki, mpwa akakata rufaa, wakafika Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji James Mwalusanya.

Hukumu ya Mwalusanya ya mwaka 1990 ni ya kusomwa na kila mtu, hata mtu wa uhandisi. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Jaji akazichukua hizo, akachukua na ule mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, akasema: mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, basi. Ukoo ukilitaka shamba ulikomboe kwa bei ileile ndani ya miezi sita. Mnaona alivyofanya? Ukoo hakuunyang'anya nafasi yake. Aliuambia tu ulipe kama ambavyo ungelipa kwa mwanamume.

Mnaosema haya mambo yaliletwa na wazungu, mbona mwaka 1967 Nyerere mwenyewe, akiandika kuhusu ujamaa vijijini, alikiri kwamba hali duni ya wanawake ilikuwa dosari ya jamii yetu ya jadi? Na wanaharakati waliokuja kubeba hii hoja walikuwa wa hapa: chama cha wanawake waandishi wa habari, TAMWA, mwaka 1987, wanasheria wanawake wa TAWLA wakafuata, na TGNP mwaka 1993, ambako huyo Mama Mbilinyi alikuwa mmoja wa waanzilishi.

Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Safi. Lakini lile tangazo la mirathi la 1963 halikufutwa. Wajane wawili wa Shinyanga wakalipinga baada ya kutolewa kwenye nyumba zao na upande wa waume. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba mila hiyo ina ubaguzi, halafu ikakataa kuifuta! Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawatupa nje kwa kasoro za nyaraka. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, iliyowapa ushindi mwaka 2015. Hesabuni wenyewe, ni miaka mingapi tangu Bi Holaria.

Na ile miaka 15 niliyoahidi: Rebeca Gyumi aliipinga akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019, Bunge likapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukaisha bila marekebisho. Katikati ya hapo, Juni 2017, Rais Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi akipata mimba asirudi shule ya serikali, na marufuku hiyo ilikuja kuondolewa Novemba 2021. Yaani kwa miaka hiyo sheria ilimruhusu binti wa miaka 15 aolewe, na akibeba mimba darasa lilimkataa. Wale baba wa mwaka 1969 wangepiga hesabu zao hapohapo.

Naishia hapa, hall wanazima taa. Yule jamaa wa "jasho" akipita humu, hukumu ya Bi Hawa ipo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1983, ukurasa wa 32.