Ufa uliokuja Goma

Wasomaji wangu, Goma ikitajwa kwenye habari ni bunduki tu. Leo tuiangalie ardhi yake.

Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen, huyu huyu aliyekuja kuwa gavana wetu wakati wa Maji Maji, alipanda mlima Nyiragongo. Mlima huo uko kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, pale Afrika inapochanika taratibu. Mabamba ya ardhi yanaachana milimita chache tu kwa mwaka, lakini zinatosha: ganda la dunia linakuwa jembamba, na miamba iliyoyeyuka inapata pa kutokea.

Januari 10, 1977 mbavu za mlima zilipasuka, ziwa la lava la kileleni likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava yake ni nyepesi mno, inakimbia kama uji.

Wengi hudhani ukikaa mbali na kilele umepona. Januari 17, 2002 nyufa zilishuka kutoka mlimani hadi karibu na uwanja wa ndege. Yaani mlima haukuumwagia mji kutoka juu, ufa wenyewe ndio uliofuata watu! Lava ikapita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, na watu laki kadhaa wakakimbia, wengi wakivuka kwenda Gisenyi.

Mei 22, 2021 ikatoka tena, kisha ardhi ikatetemeka siku kadhaa na sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Watu walirudi. Wanajenga juu ya lava ile ile, kwa mawe ya lava ile ile.